Meli ya kitalii ikiruka bandari uliyoilipia, hasara ni ya nani?

Mwanzisha mada, Rotterdam

Wakuu, salaam. Nataka tulijadili hili kwa uwazi, maana Waswahili wanaopanda meli za kitalii siku hizi si wachache, hasa sisi wa huku Ulaya. Wazazi wakija kututembelea tunawatafutia safari isiyowachosha: chumba ni kile kile, chakula kipo, na asubuhi unaamkia mji mwingine bila kufungasha mabegi.

Msimamo wangu ni huu: ukilipia bandari saba ukapelekwa nne, urudishiwe sehemu ya nauli. Iwe pesa taslimu, siyo vocha ya safari ijayo. Na urudishiwe hata kama nahodha alifanya uamuzi sahihi kabisa.

Kwa sasa haiko hivyo. Soma mkataba wa tiketi wa kampuni kubwa za meli hizi, utakuta kifungu kinachoiruhusu kampuni kubadili ratiba, kuruka bandari au kuweka nyingine mahali pake, bila kudaiwa. Kinachorudi kwa kawaida ni ada na kodi za ile bandari, ambazo mbele ya nauli yote ni kiasi kidogo. Matembezi uliyoyanunua melini utarudishiwa. Uliyojipangia mwenyewe na wakala wa nchi kavu yamekwenda na maji.

Mama yangu anatembea kwa kiti cha magurudumu. Tulichagua safari yetu kwa kuangalia bandari moja moja, tukataka zile ambazo meli inafunga gatini na abiria anashuka kwa daraja. Tukiwa baharini bandari mbili zikabadilishwa, na huko tulikopelekwa meli ilitia nanga nje, watu wakawa wanashushwa kwa boti ndogo. Wenye viti vya magurudumu walikatazwa kupanda boti kwa sababu ya mawimbi, na ninakubali kwamba katazo lilikuwa la haki. Mama alikaa sitahani na shuka miguuni akitazama boti zikienda na kurudi. Nilipodai chochote nikaambiwa hakuna bandari iliyorukwa, imebadilishwa tu. Kwenye karatasi ilionekana amepata kila alicholipia.

Wanaosema jambo hili halidaiki waangalie Australia. Juni 2013 mito ya Ulaya ilifurika. Bwana David Moore na mkewe walikuwa wamelipia safari ya mtoni ya kampuni ya Scenic kutoka Amsterdam hadi Budapest. Maji yalipopanda meli hazikuweza kwenda, na sehemu kubwa ya safari wakaifanya kwa basi. Shauri lilifika mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, na Aprili 2020 ikaamua kwamba masikitiko ya kukosa starehe uliyoilipia yanaweza kudaiwa fidia. Mafuriko hayakuwa kosa la mtu, lakini huduma iliyotolewa haikuwa ile iliyouzwa.

Karibuni.

Baharia mstaafu, Tanga

Mwanangu, pole kwa mama. Lakini unachokiomba kinanitia hofu, nami nitakueleza kwa nini.

Nyinyi abiria mnaiona bandari kama kituo cha basi. Meli kubwa ya kitalii ya leo ni ndefu kupita mita mia tatu na imejengwa juu kwenda mbele na nyuma, ubavu wake unashika upepo kama tanga. Meli ya mizigo iliyojaa inakaa chini majini, hii inakaa juu. Upepo ukiupiga ule ubavu kwenye mlango mwembamba wa bandari, rubani wa bandari na matagi, zile boti za kuvuta meli, wote wanaweza wakashindwa kuinyoosha. Abiria yuko sitahani anaona jua linawaka na anajiuliza kwa nini hatuingii. Nahodha anatazama kipima upepo na kina cha maji, na anajua kwamba akishaingia mlangoni hapo hapageuziki.

Sasa sikilizeni matokeo ya kuendelea. Tarehe 23 Machi 2019 meli ya Viking Sky ilikuwa pwani ya Norwei, sehemu inayoitwa Hustadvika, ambayo mabaharia wa huko wanaiogopa. Watu 1,373 walikuwa ndani. Dhoruba ikaiyumbisha, mafuta ya kulainishia yalikuwa machache matangini, injini zikajizima zote. Meli bila injini kwenye upepo wa kuelekea miambani! Uchunguzi wa Norwei ulikadiria kwamba ilikaribia kupanda mwamba kwa umbali usiozidi urefu wa meli yenyewe. Watu 479 waliopolewa na helikopta mmoja mmoja, wengi wao wazee, kabla meli haijapata nguvu na kusindikizwa hadi bandari ya Molde.

Ukimwekea nahodha bei juu ya kila bandari anayoiruka, siku moja kuna nahodha atakayeingia mahali ambapo asingeingia. Heri abiria elfu tatu wanune kuliko mmoja azikwe.

Mfanyabiashara, Dubai

Mimi naliangalia kimahesabu. Nauli za meli hizi ni za chini kwa sababu hatari ya ratiba imebebwa na abiria. Mkiihamishia kwa kampuni, itaiweka kwenye nauli, na tutailipa sote, hata anayetaka tu kulala kando ya bwawa na hajali kama kesho ni Naples au bahari tupu. Anayejali anunue bima. Zipo bima zinazolipa bandari iliyorukwa.

Mwanzisha mada, Rotterdam

Mzee wangu wa Tanga, shikamoo. Hapo kwenye usalama sina ubishi hata kidogo, na sitaki nahodha aulizwe. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, katika sura yake ya 5, unamkataza mwenye meli, mkodishaji na mtu mwingine yeyote kumzuia nahodha kufanya uamuzi anaouona wa lazima kwa usalama. Nauheshimu. Mimi naongea juu ya yule aliyeko ofisini, aliyepokea pesa.

Tena siyo kweli kwamba leo nahodha hana bei kichwani. Februari 2016 meli ya Anthem of the Seas ya Royal Caribbean iliondoka New Jersey kuelekea kusini ikiwa na abiria zaidi ya 4,500, ikakutana na dhoruba kubwa karibu na Cape Hatteras, rasi ya pwani ya mashariki ya Marekani. Viti vilitupwa huku na huko, dari zikaanguka sehemu nyingine, watu wakaagizwa wasitoke vyumbani. Mwishowe iligeuza. Dhoruba ilikuwa imetabiriwa, ingawa iliyokuja ilizidi utabiri. Baada ya kelele, kampuni ilirudisha nauli yote na kuongeza punguzo la nusu kwa safari nyingine. Kwa hiyo pesa ipo na inarudishwa, ila inangoja habari ifike kwenye televisheni. Mimi nataka irudishwe pia kwa abiria ambaye hakuna kamera iliyomwona.

Ndugu wa Dubai, bima ya bandari iliyorukwa nimeisoma. Mara nyingi ni kiasi cha kudumu kwa kila bandari, na bandari iliyobadilishwa haihesabiwi. Mama yangu asingepata senti.

Muuguzi, Toronto

Dada, naomba nigusie mwili. Meli ikiyumba, wahudumu hutundika mifuko ya kutapikia kwenye vishikio vya ngazi, bwawa linamwagwa maji, milango ya sitaha ya nje inafungwa. Kwa kijana ni usumbufu wa jioni moja. Kwa mzee anayetumia dawa za presha na maji mwilini yanapungua kwa kutapika, ni jambo la hospitali, na kuanguka ngazini kunavunja nyonga. Wanaopanga safari na wazazi waombe chumba cha katikati ya meli na sitaha za chini, myumbo unapungua sana. Mara nyingi kuruka bandari ndiko kunakomwokoa mzee huyo huyo, kwa sababu nahodha anachukua njia yenye bahari tulivu.

Dereva wa watalii, Mombasa

Jamani, mnajadili abiria na kampuni tu. Sisi tulio gatini hamtuoni?

Meli ikitarajiwa Kilindini, wakala anatupigia mapema. Naamka saa tisa usiku. Gari limeoshwa, tangi limejaa kwa pesa yangu, maji ya kunywa yako kwenye barafu, ada ya kuingia Tsavo imelipwa, mwongoza wageni ameacha kazi nyingine ya siku hiyo. Kuna wenzangu wanaokodi magari ya watu ili wapate nafasi kwenye msafara. Halafu saa kumi na mbili unaambiwa meli imepita, inaelekea kwingine. Abiria atarudishiwa pesa ya matembezi kwa sababu aliyanunua melini. Wakala anasema kampuni haijamlipa, naye hatulipi. Mwenye gari la kukodi anataka chake. Wale akina mama wa vikapu na vinyago waliopanga bidhaa tangu alfajiri wanafunga mizigo yao kimya.

Wazee wetu wa kazi hii wanaikumbuka Novemba 2005. Meli ya kitalii ya Seabourn Spirit ilikuwa njiani kuja Mombasa, maharamia wakaishambulia kwa bunduki na roketi nje ya pwani ya Somalia. Ilitoroka, ikageuza kwenda Shelisheli. Hakuna dereva aliyemlaumu nahodha yule, na mimi simlaumu. Lakini baada ya hapo miaka ilipita meli za kitalii zikiikwepa pwani yetu, na hakuna aliyekaa mezani kuuliza hasara ya nchi kavu inabebwa na nani.

Mkitunga sheria yenu ya nauli, tuwekeni na sisi. Anayeagiza magari aweke amana, na meli isipokuja, amana ibaki kwetu.

Mwanasheria, Dar es Salaam

Nimeyafuata vizuri. Naona watu wanachanganya madai mawili, na ubishi wa mzee wa Tanga na mwanzisha mada unatokea hapo.

Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015, namba 2302, yanahusu safari za vifurushi, yaani usafiri, malazi na huduma nyingine vinavyouzwa pamoja, na safari ya meli ya kitalii ni kifurushi. Yanatenganisha punguzo la bei na fidia. Fidia haidaiwi kama kilichotokea hakikuepukika na si cha kawaida. Punguzo la bei linadaiwa tu kwa sababu huduma haikutolewa kama ilivyokubaliwa, bila kutafuta mwenye kosa, isipokuwa kosa likiwa la msafiri mwenyewe. Januari 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililisisitiza hilo katika shauri la wasafiri wawili wa Ujerumani waliokuwa Gran Canaria, kisiwa cha Hispania, Machi 2020, korona ilipofunga fukwe na mabwawa. Hata korona haikuondoa punguzo la bei.

Kwa hiyo mwanzisha mada, kama mlinunua Ulaya, dai lenu lina miguu, hasa kama mlieleza hali ya mama wakati wa kununua. Je, mlieleza kwa maandishi?

Tahadhari: kanuni nyingine ya Ulaya, namba 1177 ya mwaka 2010 kuhusu haki za abiria wa baharini, inawatoa abiria wa meli za kitalii kwenye fidia ya kuchelewa. Wengi wanaidai hiyo wanakataliwa, wanadhani mlango wote umefungwa. Na huko Marekani, tamko la haki za abiria ambalo muungano wa kampuni za meli ulilitoa 2013, baada ya moto wa meli ya Carnival Triumph, linaahidi kurudisha pesa mitambo ikiharibika na safari ikafutwa au kukatizwa. Bandari iliyorukwa kwa sababu nyingine haimo.

Mwanzisha mada, Rotterdam

Asante sana, wakili. Ndiyo, fomu ya mahitaji maalumu niliijaza nikapewa jibu kwa barua pepe. Barua ninayo.

Kaka wa Mombasa, umenigusa. Meli ikiikwepa bandari, haiilipi ada ya kufunga gati, na maduka na kasino za melini, ambazo huwa zinafungwa meli ikiwa bandarini, zinabaki wazi siku nzima. Abiria wamekwama ndani na pochi zao. Sisemi manahodha wanaruka bandari kwa ajili hiyo. Nasema ofisi haiumii vya kutosha, na asiyeumia hajishughulishi kupanga ratiba inayotekelezeka. Kuna ratiba zinazouzwa za bandari ndogo za kutia nanga katika miezi ambayo kila mvuvi wa pale anajua bahari ni mbaya. Hilo linajulikana kabla tiketi haijauzwa, nahodha hahusiki.

Ninachopendekeza ni kiwango kilichoandikwa kwenye tiketi: kila bandari ina sehemu yake ya nauli, ikikosekana inarudi. Gati ikigeuka kutia nanga, mwenye kiti cha magurudumu anahesabiwa kuwa amekosa bandari. Na amana ya kaka wa Mombasa iingie humo humo.

Baharia mstaafu, Tanga

Marahaba, mwanangu. Hapo kwenye ratiba za kuuzwa katika miezi mibaya umesema kweli, nami nimeziona. Anayepanga msimu anakaa mbali na maji.

Kiwango kilichoandikwa kabla ya safari naweza kukikubali, kwa kuwa hapo nahodha hana la kukisia, gharama inajulikana na imeshawekewa akiba. Lakini nina sharti, na bila hilo ninabaki upande wangu. Ofisi isimpelekee nahodha hesabu ya bandari alizoruka, wala isizitumie kumpima mwisho wa mkataba wake. SOLAS inakataza kumzuia. Haimkingi na ule ukimya wa kutoitwa tena kazini msimu unaofuata, na ukimya huo ndio ninaoujua mimi. Wakili atuambie kama kuna nchi iliyowahi kuuandikia sheria.