Mashine pepe ya ARM: katizo 27 linarudi wakati saa haijaita, na 1023 mara mojamoja

Mtambo64
Habari wakuu, naomba ushauri. Nina kerneli ndogo inayoendeshwa ndani ya QEMU (programu ya kuigiza kompyuta), mashine ya `virt`, gic-version=3 (GIC ni kidhibiti cha makatizo cha ARM), prosesa pepe mbili. Kwa uigaji wa programu tupu iko shwari. Nikiwasha KVM (sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe moja kwa moja kwenye prosesa halisi), karibu kila katizo (interrupt) la saa, namba 27, linafuatwa na 27 nyingine, na nikisoma CNTV_CTL_EL0 biti ya ISTATUS (inayoonyesha kama saa imeita) ni 0. Mara mojamoja ICC_IAR1_EL1 (IAR, rejista ya kupokea namba ya katizo) inarudisha 1023. Kishughulikiaji changu kinasoma IAR, kinaandika EOIR (kutangaza kuwa katizo limemalizwa) papo hapo, kisha kinasogeza CNTV_CVAL_EL0 (CVAL, wakati wa saa kuita tena). Je, ni hitilafu ya KVM? Natanguliza shukrani.

Rejista_Sifuri
Mkuu, haya ni mambo mawili tofauti, usiyachanganye.

1023 si katizo la kifaa chochote. Ni jibu la GIC kwamba "sina tena cha kukupa". Prosesa ilishtuliwa, lakini kabla hujasoma IAR chanzo kikashusha ishara yake. Ukiipata, toka tu, usiiandikie EOIR. Ila iwekee kihesabu kwa kila prosesa. Ukiizima kimyakimya utakuja kukosa dalili ya kiendeshi kibovu.

KiniChini
Kuhusu 27, tatizo ni mpangilio wako. Saa ya ARM hutoa ishara inayobaki juu mpaka CVAL isogezwe mbele au IMASK (biti ya kuziba ishara ya saa) iwekwe. Wewe unaandika EOIR ishara ikiwa bado juu.

Chini ya KVM katizo hilo limefungamanishwa na la mashine halisi kupitia biti ya HW kwenye ICH_LR (rejista ambamo KVM huiwekea mashine pepe makatizo yake). EOIR yako ya kipepe inalizima na lile halisi. Kwa kuwa ishara bado iko juu, GIC halisi inalipandisha tena, mgeni (yaani mashine yako pepe) anatolewa nje, na KVM inampangia 27 mpya. Ukisogeza CVAL baada ya hapo umechelewa, maana 27 tayari imo kwenye foleni. Kwenye uigaji mtupu, QEMU inakokotoa ishara upya mara tu unapoandika CVAL, ndiyo maana hukuona kitu.

Panga hivi:

```
mrs x0, ICC_IAR1_EL1
// x1 = CVAL iliyopita + kipindi
msr CNTV_CVAL_EL0, x1
isb
msr ICC_EOIR1_EL1, x0
```

Usiache `isb` (amri inayohakikisha uandishi wa rejista uliotangulia umetekelezwa). Bila hiyo hakuna uhakika kwamba saa imeshusha ishara kabla EOIR haijafanya kazi, na utarudi palepale kwa nadra zaidi, jambo ambalo ni gumu zaidi kulinasa.

Hata baada ya kurekebisha, bakiza ukaguzi wa ISTATUS. Ikiwa 0, andika EOIR na utoke bila kuongeza hesabu ya muda. Kiendeshi cha saa cha Linux nacho hukagua biti hiyo kwanza.

Rejista_Sifuri
Naongezea namna ya kuthibitisha badala ya kukisia. Kwenye mashine mwenyeji, kama root:

```
trace-cmd record -e kvm:kvm_timer_update_irq -e kvm:vgic_update_irq_pending
```

Kisha fungua `vgic-state` chini ya /sys/kernel/debug/kvm/, kwenye folda yenye namba ya mchakato wa QEMU. Tazama mstari wa 27: L ni ishara iko juu, A ni katizo linahudumiwa, H ni lile fungamano la HW.

Kagua pia uwashaji. Programu ya kuanzishia inaweza kukuachia makatizo yakiwa wazi. Andika 0xFFFFFFFF kwenye rejista za kuzima makatizo: GICD_ICENABLER kuanzia 1 na kuendelea, na kwenye GICR_ICENABLER0 ya kila prosesa (0x10180 kutoka mwanzo wa fremu ya RD, yaani redistributor, sehemu ya GIC ya prosesa hiyo). Halafu subiri RWP (alama kwamba uandishi bado haujakamilika) iwe 0: biti 31 ya GICD_CTLR, biti 3 ya GICR_CTLR. Kabla ya hapo katizo ulilolizima bado linaweza kukufikia.

Mtambo64
Asanteni sana. Nimebadili mpangilio, 27 za ziada zimekwisha. 1023 bado zipo, zote kwenye prosesa 0, hasa nikiwa naandika kwenye konsoli.

KiniChini
Hapo naishuku PL011 (kifaa cha UART cha konsoli), ambayo kwenye `virt` ni katizo 33. Je, prosesa 1 inasoma herufi kwa kuzungukia rejista ya bendera huku 33 imeelekezwa kwa prosesa 0? Prosesa 1 ikiwahi kuimaliza FIFO (foleni ya herufi zilizopokelewa), ishara inashuka na prosesa 0 inakuta 1023. Chagua njia moja: ama zima makatizo ya kupokea kwenye UARTIMSC (0x038) unapozungukia, ama FIFO isomwe na kishughulikiaji cha 33 peke yake, prosesa 1 ichukue herufi kwenye bafa.