Malindi: turushe roketi zetu ama tusomeshe mainjinia kwanza?

Wa Shela: Salaam aleikum jamaa. Kila siku nasikia tujenge kituo chetu cha roketi hapa pwani, eti tuko karibu na ikweta, dunia ikizunguka yaisukuma roketi bure. Sawa, hilo kweli. Lakini Waitaliano walianza kurusha setilaiti 1967 pale Ngomeni karibu na Malindi, kwenye lile jukwaa lao la baharini, na 12 Desemba 1970 ikaruka setilaiti ya Marekani ikapewa jina Uhuru kwa ile sikukuu yetu, ya kwanza duniani ya kuchunguza eksirei za angani tu, mwanasayansi Giacconi aliyeongoza kazi akaja kupata Nobel 2002. Roketi ya mwisho 1988. Sisi tulipata nini zaidi ya jina? Mi nasema pesa iende kwa watu na maabara.

Kijana wa Barani: Na hao watu ukishawasomesha watafanya kazi wapi kaka? Wataishia Ujerumani. Taifa-1, ile setilaiti ya Kenya ya mwaka 2023, mainjinia wetu waliiunda wakisaidiana na kampuni ya Bulgaria, halafu ikasafirishwa hadi California kupanda roketi ya SpaceX, na sisi bahari yote hii iko wazi upande wa mashariki! Kazi ndiyo huzuia mtu asiondoke, si cheti.

Maalim: Vijana, sheria ya sayansi ya 2013 ilisema mfuko wa utafiti upate asilimia 2 ya pato la taifa. Hatujakaribia hata. Korea Kusini na Israel watumia zaidi ya asilimia 4 kwa utafiti. Mimi nimefundisha fizikia miaka mingi, praktiko ni mwalimu afanya mbele, darasa lote latazama, kuna mtoto hushika voltimita mara ya kwanza siku ya mtihani wa taifa, sasa huyo ndo wamtaka aunde roketi?

Kijana wa Barani: Maalim kwa heshima, tukingoja shule zote ziwe sawa tutangoja mpaka kiama.

Mama Ngomeni: Na wewe wa Shela usiseme hatukupata kitu. Ile setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ya 2018 chuo cha Sapienza cha Roma walisaidia, na ule mkataba na Italia wa 2016 una mambo ya mafunzo ndani. Langu ni moja: hao wanaofunzwa, wangapi ni wa huku kwetu pwani?

Wa Shela: Ehe, hapo umenipata mama. Lakini ni hilo hilo nasema, mafunzo ndiyo yaliyozaa setilaiti, jukwaa limekaa bure tu baharini tangu 88.

Kijana wa Barani: Limekaa bure kwa sababu si letu!