Naomba ushauri: nimetakiwa kupunguza makadirio ya barabara ya mabasi yaendayo haraka

Mkadiriaji (mwanzisha uzi)
Ndugu wanajamvi, salaam. Mimi ni mkadiriaji majenzi katika timu inayoandaa makadirio ya barabara ya mabasi yaendayo haraka. Usanifu wa kina haujakamilika, na ramani za mabomba na nyaya zilizofukiwa ni za zamani, lakini nimetakiwa kupunguza fungu la dharura (fedha za akiba kwa mambo yasiyotarajiwa) ili jumla isizidi kiasi kilichokwisha kutangazwa. Naamini tofauti hiyo itadaiwa baadaye, mkandarasi akiwa tayari kazini. Niijengeje hoja yangu bila kuonekana napinga mradi wenyewe?

Mhandisi Mstaafu
Waeleze yaliyoikuta tramu (treni ya mjini ipitayo barabarani) ya Edinburgh, Uskoti. Mkataba ulitiwa saini Mei 2008, usanifu ukiwa haujakamilika na kazi ya kuhamisha mabomba na nyaya ikiwa bado inaendelea, hivyo kila badiliko likazua mgogoro juu ya nani alilipie, hadi kazi zikasimama. Njia ilifunguliwa Mei 2014 kwa pauni milioni 776, wakati fedha zilizoidhinishwa zilikuwa milioni 545, na hata hivyo iliishia katikati ya mji bila kufika Newhaven, kwenye ufuko wa mji huo, kama ilivyopangwa. Gharama ile haikuanzia kwenye shimo. Ilianzia kwenye saini.

Mchumi wa Usafiri
Naongezea. Mwaka 2002 Bent Flyvbjerg, mtafiti wa Denmark, na wenzake walichapisha uchunguzi wa miradi 258 ya usafiri, wakaona kwamba takriban tisa katika kila kumi ilizidi makadirio, na ya reli ilizidi kwa wastani wa asilimia 45 hivi. Kama ingekuwa ni makosa ya kawaida ya hesabu, mingine mingi ingepungua vilevile. Kwa hiyo usitetee fungu lako kwa hisia: kusanya miradi ya barabara za mijini iliyokwisha kukamilika, onyesha kila mmoja ulizidi kwa kiasi gani, kisha uanzie hapo.

Mama Mikataba
Nakubaliana nanyi, ila kwa tahadhari. Fungu la dharura likijulikana na mkandarasi, atatafuta namna ya kulimaliza. Lishikwe na mwajiri, yaani mwenye mradi, litolewe kwa idhini ya maandishi. Tena usisahau fidia: mkandarasi akikabidhiwa eneo kabla wenye nyumba hawajalipwa, mitambo yake hukaa bure na siku hizo hutudai sisi.

Mkadiriaji
Nashukuru sana. Je, wakishikilia kiasi kilichotangazwa?

Mhandisi Mstaafu
Basi omba zipunguzwe kilomita za barabara, si fungu. Pendekeza pia zabuni isubiri mashimo ya majaribio yachimbwe kwenye makutano yote makubwa, kwa kuwa kazi hiyo ni nafuu mno ikilinganishwa na kukuta bomba kuu la maji katikati ya ujenzi. Ushauri huo uandike kwenye dokezo, lisajiliwe kwenye jalada la mradi kabla ya kikao.