Mdogo wangu anaanguka, kipimo cha kichwa kimetoka safi. Hiki ni kifafa au nini?

Binti Wete: Asalaam alaykum jamani, naomba ushauri. Mdogo wangu wa kiume msimu uliopita wa karafuu alianguka mkarafuuni akazimia, baadae akawa mzima kabisa. Sasa tokea Ramadhani anatulia ghafla kakodoa macho, mdomo unatafuna na hana kitu mdomoni, mkono unachezea kifungo cha shati, ukimwita hasikii, na siku nyengine ndo anaanguka kabisa anatikisika mpaka anajikojolea. Tumempeleka Dar kapimwa umeme wa ubongo, majibu safi. Bibi ndo kapata la kusema, mashine haioni basi ni shetani, na fundi wa kutoa mashetani keshatafutwa. Kweli kipimo kikiwa safi si kifafa?

Nesi wa Zamu: Waalaykum salaam dada. EEG inasoma umeme wa muda ule aliolala pale tu, ubongo ukiwa umetulia yaweza kutoka safi hata kwa mtu anaeanguka kila wiki. Kifafa dakta anakijua zaidi kwa maelezo, na wa kueleza ni nyie mliokuwepo maana mwenyewe hakumbuki. Akianza tena mmoja amuangalie asijigonge, mwengine arikodi kwa simu, uso na mikono vionekane. Hiyo ya kutafuna na kuchezea kifungo inafanana sana na kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, na kovu la kuumia kichwa laweza kukileta hata baada ya miezi au miaka. Habari ya mkarafuu mmemwambia dakta? Muulizeni na MRI, kile kipimo cha picha ya ubongo.

Pweza Mkavu: mbona mtoto wa jirani hajaanguka popote na anacho

Nesi wa Zamu: Sababu nyingi, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria ya kichwani, homa ya uti wa mgongo, uvimbe, kiharusi kwa wazee, wengine cha ukoo, na karibu nusu ya wagonjwa duniani sababu haijulikani. Ila degedege la homa kwa kitoto si kifafa. Na anguko moja kwa kawaida halitoshi, dakta anataka angalau mawili yaliyopishana zaidi ya masaa 24, tena yasiwe ya homa wala sukari kushuka.

Mwana wa Makunduchi: Mie ninacho tokea mdogo, nimenusishwa viatu, vitunguu, kiberiti, na kijiko cha mdomoni kikanivunja jino, kifafa chenyewe hakijanivunja kitu wallahi 😂 Mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, ikizidi dakika 5 mbioni spitali. Bibi asome dua zake hazina ubaya, lakini akianzishiwa dawa asiache hata siku moja.

Binti Wete: Ahsanteni sana. Ya mkarafuu hatukuisema, hakuna aliyetuuliza. Na karafuu ndo hizo zishakaribia, yeye anataka kupanda...

Nesi wa Zamu: Hapandi! Na baharini asende peke yake. Akae chini na wenzake achambue makonyo, vile vijiti vya karafuu.