Mji kutafuta avoka wa inje (mwenye haiko mufanyakazi wa mji): kanuni tuandike namna gani?

mwana_katuba
Jambo ba ndugu, jambo ba Metre (ba avoka) wenye beko humu. Mi niko Lubumbashi, lakini kazi yenye ninafanya ni ya mji mumoja wa huku kusini, jina naliacha. Banatuomba tuandike upya kanuni za namna mji unatafuta ba avoka wa inje. Mpaka leo kesi ikiingia mukubwa anapigia Metre mwenye anajua, basi. Hakuna barua, hakuna bei, kontra inakuyaga nyuma, siku fakitire inafika.

Nilishika moja mu mikono. Karatasi moja, mustari mumoja: "kufatilia dosie, miezi sita", chini yake jumla na kashe. Hakuna tarehe ya odianse hata moja. Na ile dosie yenyewe tulishaipoteza, juu hukumu ilipoletwa ku mji bakaipiga kashe ya kuingia ku kurie (biro ya kupokea barua), ikalala chini ya makaratasi ingine, avoka akazani mji hautaki kufanya apele, mji ukazani avoka alishafanya, siku 30 zikapita. Inaniumiza mpaka leo, juu ile franga ilikuwa ya batu ba mji.

Sasa ninauliza: sheria ya marche piblike (manunuzi ya serikali) ya 2010 inatulazimisha apeldofre (kuita bote bashindane) hata kwa avoka? Na avoka haiko simenti, tutabashindanisha namna gani?

metre_kampemba
Ndugu, jambo. Sheria 10/010 ya tarehe 27 mwezi wa nne 2010 inashika serikali, provensi na ba ETD (miji, komine na bingine bya chini ya provensi), na mji ni ETD, sheria 08/016 ya 2008 inasema vile wazi. Kwa hiyo usiandike kwamba haiwaangalie. Lakini ile sheria haipimi manunuzi yote na kipimo kimoja: kazi ya kujenga barabara iko pembeni, kununua viti pembeni, na kazi za akili ziko na njia yao. Kule munafanya liste fupi ya ba kabine, munafungua kwanza anvelopu ya tekniki (nani atashika dosie, alishapleda kesi za namna gani), ya bei inafunguliwa nyuma. Gre a gre (kupatana na mutu mumoja bila mashindano) iko, lakini ni ya kuombea ruhusa na kueleza sababu, haiko ya kuamkia kila asubuhi. Na kukata kesi moja vipande vipande juu kila kipande kibaki kidogo, ile inakatazwa.

Kuko ba konfreri watakuambia Ulaya bamemaliza hii mambo. Ni kweli, diretive yao ya 2014/24 ilitoa kazi ya kumusimamia mutu ku tribinali mu kanuni za mashindano, Wabelgiji wakaipeleka mbele ya korti ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg, na tarehe 6 mwezi wa sita 2019 ikasema ni sawa, juu kati ya avoka na kliya wake kuko uaminifu na siri. Ile sababu mi mwenyewe ninaiamini. Lakini ni sheria yao, usiilete hapa juu ya kutetea simu ya mukubwa.

Kitu kingine: sisi ba avoka tuko chini ya ordonansi-lwa 79-028 ya 1979. Avoka hapaswi kukimbilia ba kliya, na hapaswi kupatana mbele ya kesi kwamba atakamata sehemu ya ile itashinda. Mukiandika "atapata asilimia fulani ya taksi zenye zitarudi", ile mustari itaanguka. Na bei ya chini peke yake isichague mutu, tafazali, dosie ya udongo haiko kazi ya kujifunzia.

mama_kontable
Metre, asante. Miye nililipa ba fakitire za vile miaka mingi, niseme penye inauma. Kanuni ilazimishe fakitire iseme siku gani, akti gani, odianse gani, nani aliingia. Abonema ya kila mwezi ni mbaya kama hakuna ripoti, unalipa mwezi wenye hakuna hata barua moja ilitoka. Na safari! Kesi ikipanda ku kasasyo (korti ya juu) ni Kinshasa, tena tangu tuliingia OHADA (umoja wa inchi za Afrika juu ya sheria za biashara) mu 2012 mambo ya biashara inaweza kufika ku korti yake ya Abidjan. Tike, hoteli, nani analipa? Muandike mbele, apana siku mutu eko na valize ku eropore.

kijana_rwashi
Miye ninasema apeldofre kwa kila kesi, bila hurumia. Nilishaonaga avoka anapledia mji asubuhi, mchana eko ku biro ya kampuni yenye mji unaidai taksi. Mutu mumoja! Mukifungua mulango kidogo tu batapita wote.

metre_kampemba
Mudogo wangu, kwa hii ya mwisho uko na haki, avoka asaini mbele kama hana kliya mwenye eko kinyume na mji, na akimupata nyuma aseme palepale. Lakini apeldofre kwa kila kesi haitawezekana. Ukipewa asinyasyo ya refere (mwito wa kesi ya haraka) ya keshokutwa, liste itafunguliwa lini? Fanyeni mashindano mara moja kwa mwaka, mupate ba kabine inne ao tano kufatana na mambo yao, udongo, taksi, ba ajan. Kesi ikiingia munachagua mu ile liste, na mukubwa anaandika sababu siku ileile.

mwana_katuba
Asanteni sana. Usiku huu nimeandika hii, muniangalilie: "Hakuna dosie inatoka bila barua ya manda (ya kumupa avoka kazi) yenye kutaja kesi, tribinali, bei ya juu kabisa, na mutu mumoja wa mji mwenye anapokea kopi. Avoka ataandika mu siku tano kisha hukumu kama apele inafaa ao hapana, na manda ikiisha anarudisha dosie nzima." Siku tano ni kidogo?

metre_kampemba
Inatosha, lakini ongeza "kisha hukumu kutangazwa", usingoje mpaka iletwe na uisye (mutu wa kupeleka karatasi za tribinali).

mama_kontable
Na muweke kaye ku kurie, ya ba hukumu peke yake. Mwenye anapokea asaini, aandike na saa.