Nenosiri la herufi 22 linakubaliwa hata likiandikwa nusu: kosa liko wapi?

FundiSeva_Tanga:
Habari za jioni, wadau. Nimekabidhiwa seva ya zamani ya jamii ya Unix inayotunza kumbukumbu za ghala la ofisi yetu. Kwa kuwa nimesoma mara nyingi kwamba nenosiri refu ni bora kuliko fupi lenye alama nyingi, niliweka fungu la maneno: «karibuni tunywe kahawa». Jana, nikiwa na haraka, nilibonyeza kitufe cha kuingia nikiwa nimeandika «karibuni tu», na mfumo ukanifungulia bila kinyongo. Nilijaribu tena kwa «karibuni» peke yake, nikaingia vilevile. Nilipolitazama faili la /etc/shadow, linalotunza manenosiri yaliyosimbwa, niliona kwamba sehemu ya nenosiri kwenye mstari wangu ina alama 13 tu, na hakuna alama ya dola hata moja. Je, hii ni hitilafu, au seva imeingiliwa na mtu? Na kama usimbaji ndio wenye kasoro, unabadilishwaje?

MzeeWaKonsoli:
Ndugu FundiSeva, hujaingiliwa na mtu. Alama hizo 13 zinatosha kuonyesha kwamba seva yako inatumia crypt ya kale (mbinu ya kusimba manenosiri), ile iliyoenea na Unix Toleo la 7 la mwaka 1979, na ambayo Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs, ilikozaliwa Unix, waliieleza katika makala yao ya mwaka huohuo.

Watu wengi hudhani kwamba nenosiri lenyewe ndilo linalosimbwa, kumbe hapa mambo yamegeuzwa: nenosiri ndilo ufunguo, na kinachosimbwa ni biti 64 za sifuri tupu, zinazopitishwa katika DES, njia ya zamani ya usimbaji, mara 25. Ufunguo wa DES una biti 56. Mfumo huchukua biti 7 kutoka kila herufi, na herufi 8 zikishaingia, ufunguo umejaa. Herufi ya tisa na zote zinazofuata hazina pa kukaa, hivyo hutupwa kimyakimya, bila hata onyo. Katika hizo alama 13, mbili za mwanzo ni chumvi, yaani kipande cha nasibu kinachofanya watu wawili wenye nenosiri moja wasipate matokeo yanayofanana, na 11 zilizobaki ni matokeo ya usimbaji. Chumvi hiyo ina biti 12 tu, kwa hiyo kuna namna 4,096 za kuikoroga, kiasi ambacho kwa kompyuta za leo ni kidogo mno.

Kwako wewe jambo ni baya zaidi, kwa sababu herufi nane za mwanzo za fungu lako ni «karibuni» kamili. Ulidhani unalindwa na herufi 22, kumbe unalindwa na neno moja linaloandikwa kwenye kila mlango wa hoteli.

Mdadisi_wa_Usiku:
Mzee, nikubali nusu. Herufi nane zilizochaguliwa vizuri kutoka alama 95 za kibodi zinatoa michanganyiko inayozidi trilioni 6,600. Je, hilo nalo si kubwa?

MzeeWaKonsoli:
Lingekuwa kubwa kama kila jaribio lingekuwa ghali. Mizunguko 25 ya DES ilikuwa mzigo mzito kwa mashine za miaka ya 1970, lakini leo kadi za michoro hujaribu manenosiri mengi mno kwa sekunde moja. Ndiyo maana mbinu zilizofuata hazikuishia kuondoa kikomo cha urefu, bali zilipandisha pia gharama ya jaribio moja. Poul-Henning Kamp alitengeneza ile inayotambulika kwa $1$ mwanzoni mwa sehemu ya nenosiri, yenye mizunguko 1,000 ya MD5 (kanuni nyingine ya kusimba), na mwaka 2012 yeye mwenyewe akatangaza kwamba haifai tena. Niels Provos na David Mazières walileta bcrypt mwaka 1999 kwa ajili ya OpenBSD, mfumo mmojawapo wa jamii ya Unix, na gharama yake hupandishwa kadiri mashine zinavyozidi kuwa na kasi. Sehemu za nenosiri zinazoanza na $6$ ni za SHA-512, ambayo kwa kawaida huzungushwa mara 5,000, na Debian, mfumo wa Linux, tangu toleo la 11 hutumia mbinu ya yescrypt, yenye $y$.

BintiWaMitandao:
Naomba kuongeza kwamba bcrypt nayo ina ukomo: baiti 72. Kwa hati ya Kilatini hutaufikia kwa urahisi, lakini anayeandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, ambapo kila herufi huchukua baiti mbili katika UTF-8 (mpangilio wa kuhifadhi maandishi kwenye kompyuta), hufika mwisho kwenye herufi ya 36.

Windows pia ilikuwa na kisa chake. Heshi (matokeo ya usimbaji yanayohifadhiwa) ya mbinu yake ya zamani iitwayo LM ilikomea herufi 14, ikazifanya zote kuwa kubwa, kisha ikazigawa katika mafungu mawili ya herufi saba, kila fungu likiweza kuvunjwa peke yake. Mtu mwenye nenosiri la herufi 14 alikuwa, kwa kweli, na manenosiri mawili mafupi. Aliyeweka herufi 15 au zaidi aliepuka hayo, kwa kuwa heshi hiyo haikuweza kutengenezwa kabisa. Tangu Windows Vista haihifadhiwi isipokuwa msimamizi aamue hivyo, ingawa heshi ya NT iliyobaki, ambayo ni kanuni ya zamani ya MD4 bila chumvi, sioni kama ni ya kujivunia.

FundiSeva_Tanga:
Nawashukuru nyote. Nimebadilisha algoridhimu kwenye faili la mipangilio na kuiweka SHA-512, nikawasha seva upya, lakini «karibuni» bado inafungua. Nimekosea wapi?

MzeeWaKonsoli:
Hujakosea, ila hujamaliza. Mfumo haulijui nenosiri lako, una matokeo yake tu, kwa hiyo hauwezi kuligeuza kutoka mbinu moja kwenda nyingine. Mpangilio mpya hufanya kazi pale nenosiri linapowekwa upya. Tumia amri ya passwd, kisha angalia kwamba sehemu ya nenosiri kwenye mstari wako sasa inaanza na $6$. Walazimishe na watumiaji wengine wabadilishe ya kwao watakapoingia, na akaunti za watu walioacha kazi uzifunge, kwa sababu hao hawataingia kubadilisha chochote na mistari yao ya alama 13 itabaki humo miaka yote. Usisahau nakala za akiba: faili la zamani la shadow lililomo ndani yake ni dhaifu vilevile.

FundiSeva_Tanga:
Nimefanya hivyo, na fungu la maneno nimelibadilisha pia. Nikiandika herufi nane za mwanzo peke yake, inakataa. Nimekuta akaunti 11 za watu ambao hata siwafahamu, na kesho naanza kuzifunga.