Afisa mikopo kaweka kikombe cha chai JUU YA HATI YANGU YA SHAMBA

Jembe la Mbozi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Nimeshuka kwenye bodaboda sasa hivi, vumbi bado liko masikioni, na mikono inatetemeka.

Ni yule kijana wa mikopo wa benki. Simtaji, hana haja ya kutajwa. Mliowahi kwenda kuomba hela ya mbolea mnamjua: viatu vimechongoka kama ncha ya plau, tai inakaribia kugusa magoti, na hasalimii mtu mwenye matope.

Nimekwenda kuomba milioni 2 tu. Nina ekari 6 za mahindi na mvua ziko mlangoni. Kila ekari inataka mfuko wa DAP wa kupandia na mfuko wa Urea wa kukuzia. Hata kwa bei ya ruzuku, mifuko 12 ni hela nzito, bado mbegu, bado vibarua wa palizi. Nimetoka nyumbani saa 10 alfajiri na koti nililoolea. Hati miliki ya kimila nimeitia kwenye bahasha, bahasha kwenye nailoni, nailoni nikaifunga kwa kitenge cha mama watoto. Nikaifungua mezani kwake taratibu, kama mtu anayemfunua mtoto mchanga.

AKAWEKA KIKOMBE JUU YAKE.

Chai ya maziwa, ya moto, kikombe kikubwa kama ndoo ya kunyweshea ndama. Wala hakutazama chini. Akasema, "Mzee, hizi za kijiji hatuzitumii. Una nyumba mjini?"

Nyumba mjini! Ningekuwa na nyumba mjini ningekuwa nalala saa 10 alfajiri! Hati ile inatoka kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Wilaya yetu hii hii ya Mbozi ndiyo iliyofanyiwa majaribio ya hizi hati. Tukapimiwa, tukakaa vikao mpaka jua linazama, tukaambiwa karatasi hii sasa ni dhamana. Namuuliza, kasoro yake nini? Ananijibu kwamba nikishindwa kulipa, benki haitapata wa kumuuzia, maana mnunuzi lazima kijiji kimkubali. Basi wangetuambia hivyo kabla hatujapimiwa!

Halafu akataka taarifa ya akaunti ya miezi 6. Mimi hela naiona mara moja kwa mwaka, nikiuza. Na marejesho ni kila mwezi, la kwanza baada ya siku 30. Siku 30 baada ya kupanda, mahindi yananifika gotini. Nimpelekee majani?

Nikamkumbusha kwamba mwaka 2021 Benki Kuu ilitangaza trilioni 1 kwa mabenki, wapewe kwa asilimia 3 ili wamkopeshe mkulima kwa riba isiyozidi 10. Nikamuuliza, ile ya 10 iko dirisha gani? Akanyanyua kikombe. Akanywa. Akakirudisha PALE PALE.

Sasa hati ina duara la kahawia, na duara limekaa juu ya jina la mke wangu, kwa sababu tumeandikishwa wote wawili. Nimefika nyumbani, kaliona kabla sijavua koti. Hajaniuliza kuhusu mkopo. Ameuliza, "Nani kanikalia jina?"

Nimekosa la kumjibu.

Mchokozi01

Siti ya mbele nimechukua, karanga ninazo. Mkuu, ilikuwa na tangawizi?

Dalali Mstaafu

Hii chai.

Jembe la Mbozi

Ndiyo ilikuwa chai, nimeshasema!

Dalali Mstaafu

Namaanisha habari yenyewe ni chai, ya kutunga. Weka picha ya hati.

Jembe la Mbozi

Nikuwekee hati yangu mtandaoni ili uniuzie shamba? Dalali ni dalali hata akistaafu.

Mchokozi01

😂😂 Mzee wa ekari 6 kaamka. Ila milioni 2 kwa koti la harusi, ungeliweka hilo koti dhamana.

Mama Rejesho

Baba pole, lakini wewe umewekewa kikombe, sisi tumewekewa maisha. Nilichukua laki 3 kwa hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kali, rejesho kila Jumatatu. Nikachelewa siku moja tu, wakaja sita, wakabeba godoro na mtoto amelala juu yake. Wakamshusha taratibu kabisa, wakamlaza kwenye mkeka, wakaondoka na godoro. Ungeniambia nichague, ningechagua kikombe.

Mchokozi01

Angalau walimshusha taratibu.

Mkorosho wa Masasi

Mama Rejesho, kwetu huku hata hao wenye godoro hawafiki, wanakuja wa kangomba. Mwezi wa 5 mtoto anaumwa, salfa ya kupulizia mikorosho huna, benki ndiyo hizo za vikombe. Mtu anakupa hela leo, unamwahidi korosho ambayo haijatoa hata ua. Msimu ukifika anakuja na kipimo chake, bakuli la ajabu lisilojaa. Unachobakiza unapeleka chama cha ushirika, unakuta makato ya hiki na kile. 2018 si serikali ilituambia itanunua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja kubeba? Kuna jirani zangu walisubiri hela yao mpaka mwaka uliofuata.

Jembe la Mbozi

Pole sana ndugu yangu wa Kusini. Lakini turudi kwenye kikombe, wakuu. Alikirudisha PALE PALE.

Viazi Njombe

Korosho angalau mnapimiwa kwa mzani. Njoo Njombe uone lumbesa. Gunia la kilo 100 linavikwa kilemba mpaka linakuwa na kichwa na shingo. Nikipakia najiona namsindikiza mtu mzima.

Mkorosho wa Masasi

Mzani gani? Mzani wenyewe una maajabu yake. Nyumbani kilo 80, ghalani 74. Korosho zimetembea kwa miguu?

Viazi Njombe

Kilo 6 tu ndiyo unalia? Mimi kilemba peke yake ni ndoo mbili.

Mama Rejesho

Ndoo mbili za lita 10 au 20?

Viazi Njombe

20 mama. Na mnunuzi anazikanyaga na kiatu ziingie.

Dalali Mstaafu

Acha uongo, viazi vikikanyagwa vinapasuka, havifiki hata Makambako.

Viazi Njombe

Wewe si umesema umestaafu? Umejuaje?

Mchokozi01

Hapo sasa. Ongeza karanga.